Kabla Hamjatupa Vifaa vya Zamani



Kila nyumba hapa Uingereza ina droo ya vifaa vilivyostaafu: simu yenye kioo kilichopasuka, kamera ya kompyuta, waya zisizojulikana kazi yake. Naomba msivitupe. Darasa letu la Jumamosi linachora kwa mwanga ukutani, mubashara, huku hadithi ikisimuliwa.

Sanaa hii ina wazee wake. Nam June Paik, aliyezaliwa Seoul mwaka 1932, alionyesha televisheni alizozichokonoa mitambo huko Wuppertal, Ujerumani, mwaka 1963. Mwaka 1965 aliweka sumaku juu ya televisheni, picha ikajipinda. Miaka hiyohiyo, Marekani, wasanii walimwaga mafuta na maji yenye rangi katika sahani za kioo juu ya projekta, rangi zikacheza nyuma ya wanamuziki jukwaani. Hakuna kompyuta iliyohitajika.

Sisi tunafuata njia hiyo ya pili. Tuna projekta ya shule iliyokuwa inatupwa, ile yenye taa chini, kioo juu na shingo ndefu. Juu yake tunaweka bakuli la kioo lenye maji, rangi ya chakula na mafuta ya kupikia. Mafuta hayachanganyiki na maji, hivyo yanatengana, yanakutana, yanakuwa visiwa kwenye shuka jeupe.

Kanuni ni moja: anayeshika bakuli hasikii Kiingereza. Msimulizi akitaka bahari ichafuke, aseme "tikisa". Akitaka usiku, "funika". Kuna "ongeza", "punguza", "taratibu".

Mtoto mmoja wa miaka tisa hujibu kila kitu kwa Kiingereza, hata bibi yake akipiga simu kutoka Tanga. Mama yake hukaa katikati kama mkalimani. Wiki iliyopita, gizani, alimfokea mwenzake: "Si hivyo! Nimesema taratibu! Utazamisha mashua yangu!"

Mimi ni nesi. Mgonjwa akianza kulalamikia chakula, najua anapona. Mtoto akigombana kwa Kiswahili, nafurahi vilevile.

Sasa tunataka bibi huyo asimulie kwa simu, na mjukuu wake aongoze picha kwa sauti ambayo bibi ataisikia na kuielewa bila mkalimani. Bibi ni mtu mzima sana. Jambo hili halifai kusubiri mwakani.

Kwa hiyo leteni kamera za kompyuta, spika ndogo, mashuka meupe na mabakuli ya kioo. Simu yenye betri iliyovimba isiletwe. Televisheni za chogo msizifungue kabisa, maana hubaki na umeme mkali ndani hata zikichomolewa. Na kama mtoto wako ana kifafa, niambie mapema, kwani mwanga unaomemeteka unaweza kumsababishia degedege.

Karibuni Jumamosi. Kina bibi na babu mlio hapa, shikamooni. Ninyi njooni na hadithi tu.