Nakuru: Nyuma ya Uzuri wa Ziwa Kuna Kivuli cha Magenge

Mgeni aingiaye Nakuru kwa barabara kuu kutoka Nairobi hulakiwa na mandhari ya kuvutia mno. Mkono wa kulia umelala mlima Menengai na shimo lake kubwa la volkeno. Mkono wa kushoto linameta Ziwa Nakuru, maskani ya heroe na vifaru. Mwaka 1969 mji huu ulikuwa na watu 47,151 tu. Hesabu ya mwaka 2019 ilipata zaidi ya 570,000, na tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ikatawazwa kuwa jiji la nne la Kenya.

Lakini kuna Nakuru nyingine ambayo watalii hawaonyeshwi. Si mbali na kitovu cha jiji kuna mtaa wa Bondeni, na ukiendelea upande wa ziwa utapata Kivumbini na Flamingo. Hapa mama akituma mtoto dukani magharibi ikiingia, husimama mlangoni mpaka arudi.

Ili kuelewa hofu hiyo, msomaji, yafaa turudi nyuma kidogo. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mji ukatangazwa rasmi mwaka 1904. Ulikuwa mji wa walowezi, nao walihitaji vibarua wa reli, maghala na mashamba. Vibarua walijengewa mitaa ya chumba kimoja kimoja, bomba na choo vikiwa vya pamoja. Chumba hicho kilikusudiwa mtu mmoja mwenye nguvu za kufanya kazi, wala hakuna aliyewaza kwamba siku moja kibarua huyo angelea humo watoto sita. Baada ya mapigano ya kikabila ya mwaka 1992 huko Molo na kwingineko, familia nyingi zilizopoteza mashamba zilikimbilia papa hapa mjini. Wavulana wakakosa nafasi nyumbani, wakalelewa na barabara.

Jambo hili halikuanzia Nakuru. Huko Chicago, Marekani, mtaalamu Frederic Thrasher alichapisha mwaka 1927 utafiti wake juu ya magenge 1,313 ya jiji hilo. Aliyakuta yamejazana katika mitaa iliyobanwa kati ya reli, viwanda na vibanda vya maskini, na mengi yalikuwa ya wana wa wahamiaji kutoka Poland. Mmoja wa wana hao wa Poland alikuwa Hymie Weiss, aliyezaliwa kwa jina la Henryk Wojciechowski. Pombe ilipopigwa marufuku Marekani mwaka 1920, biashara ya magendo ilimpandisha hadi akawa kiongozi wa genge lililopambana na Al Capone. Oktoba 1926 alimiminiwa risasi mbele ya kanisa kuu. Alikuwa na umri wa miaka 28.

Je, Wapolandi ni taifa la majambazi? La hasha. Wajukuu wa wahamiaji wale walipopata shule, kazi na nyumba bora, walihama mitaa ile na magenge yao yakafifia. Hilo ni funzo kwetu, sisi tulio wepesi kutaja kabila la mtu kabla ya kutaja kosa lake.

Genge hukua linapopata mlezi. Kundi la Mungiki lilianza kuvuma katika Bonde la Ufa miaka ya tisini, likaja kutoza matatu ushuru wa lazima. Lilipigwa marufuku mwaka 2002, lakini halikufa. Januari 2008 damu ilipomwagika Nakuru na Naivasha, watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja mtaani Kabati, Naivasha. Tume ya Jaji Philip Waki ilieleza baadaye kwamba makundi ya vijana, Mungiki likiwemo, yalitumiwa katika ghasia hizo. Mwaka 2010 Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia uhalifu wa magenge.

Kisha likaja kundi liitwalo "Confirm". Jina lenyewe linatukumbusha ujumbe wa M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2007. Vijana walianza kwa ulaghai wa simu, wakiwatumia watu ujumbe wa uongo kwamba pesa zimeingia. Majirani wengine waliuona kuwa ujanja tu, na kijana aliyerudi na viatu vipya hakuulizwa kavitoa wapi. Lakini mkono uliozoea kuiba kwa simu ulijifunza kushika panga. Mwezi Juni 2022, wanawake kadhaa waliuawa ndani ya nyumba zao huko Mawanga, viungani mwa jiji, na polisi wakalihusisha kundi hilo na mauaji hayo. Waziri wa Usalama wa wakati huo, Fred Matiang'i, alifika mwenyewe Nakuru.

Misako ya polisi hutuliza mambo kwa muda, lakini si dawa ya kudumu. Mvulana wa Kivumbini anahitaji uwanja, karakana ya kujifunzia kazi, na mzazi asiyeona haya kuuliza. Pia anahitaji kulindwa na mwanasiasa amwitaye wakati wa kampeni, akampa noti na rungu, kisha akamsahau kura zikihesabiwa.

Nakuru ni jiji zuri, na inafaa kutembelewa. Ukienda, tazama heroe, panda Menengai, lakini pitia Bondeni pia mchana na mwenyeji wako. Utawaona wavulana wakicheza mpira wa matambara vichochoroni. Hawa bado hawajawa genge la mtu. Samaki mkunje angali mbichi.