Unga uliokuwa chini ya kitanda cha bibi

Kwa miaka miwili nimekuwa mweka hazina wa mchango wa bibi yetu. Tuko wajukuu saba. Kila mmoja anatuma Sh15,000 kwa mwezi kwa simu, nami nazifikisha nyumbani kwake Mafiga, hapa Morogoro. Jumla ni Sh105,000: dawa za presha, chakula, na malipo ya binti anayemfulia na kumchotea maji. Daftari langu lilikuwa safi. Nilijua nani ametuma na lini.

Machi mwaka huu jirani alinipigia simu alfajiri. Bibi ameanguka akitoka bafuni. Tulipofika kituo cha afya, presha yake ilikuwa 190 kwa 110. Mganga akamuuliza kama anakunywa dawa kila siku. Bibi akatazama sakafu.

Niliporudi nyumbani kwake kutafuta vidonge, nikakuta pakiti moja, nayo tupu. Chini ya kitanda zilikuwapo ndoo nne za unga zilizofunikwa kwa kanga. Mbili zilikuwa zimeingia wadudu.

Kwenye kundi letu la WhatsApp maneno yalianza. Mjomba akasema binti amekula hela. Mwingine akauliza mbona mimi sikukagua. Binti wa watu akalia, akasema angeondoka. Jioni nikakaa mkekani na bibi, nikamuuliza taratibu.

“Mjukuu wangu, wewe njaa hujaiona,” akaniambia.

Mwaka 1974 alikuwa mama mdogo kule Matombo, mlimani Uluguru. Ndiyo miaka ambayo mvua iligoma sehemu nyingi za nchi, serikali ikaagiza nafaka nje, na watu wakala unga wa njano walioupa jina la Yanga. Bibi akataja jina la mtoto ambaye hakuna mjukuu aliyewahi kulisikia. Hakuuona mwaka uliofuata. Tangu hapo, fedha ikimfikia mkononi, kwanza ananunua unga. Kikibaki kitu ndiyo dawa.

Usiku ule nilikumbuka jambo nililosoma nikiandaa habari za afya ya wazee. Baada ya Wanazi kuua Wayahudi milioni sita, jumuiya za Kiyahudi ziliunda mwaka 1951 chombo kiitwacho Claims Conference, na mwaka uliofuata Ujerumani Magharibi ikakubali kulipa fidia. Hadi leo fedha hizo hupitia mashirika ya kijamii katika nchi mbalimbali, zikilipia wahudumu wa nyumbani, dawa na chakula cha wazee walionusurika. Wasimamizi wa ruzuku hizo hutoa hesabu ya matumizi. Lakini wahudumu hufundishwa pia kwamba mzee aliyepita kambini anaweza kuficha mkate chini ya mto, au kuogopa bafu la mvua. Hawamgombezi. Wanapanga huduma wakijua alikotoka.

Sifananishi njaa ya bibi na mauaji yale. Ila niliona kosa langu. Nilihesabu shilingi zote na sikumuuliza mwenyewe hata mara moja anaogopa nini.

Tulibadilisha mambo matatu. Dawa nanunua mimi, binti anatia alama kwenye kalenda ya ukutani kila bibi anapomeza, na pakiti tupu tunazitunza. Unga umepewa fungu lake: ndoo moja iliyojaa haikosekani kamwe, na kabla haujaharibika unapikwa, unanunuliwa mwingine. Tatu, kabla ya kugawa fedha za mwezi nampigia bibi: “Shikamoo bibi, mwezi huu tuanze na nini?” Mjomba naye alimwomba binti radhi, na binti bado yupo.

Wazazi wenzangu mnaowatumia wazee fedha, ulizeni pia serikali ya mtaa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuanzia miaka 60, na ilieleza kwamba asiye na uwezo apate matibabu bila malipo katika vituo vya serikali. Unafuu huo ungetusaidia mapema, na hakuna kati yetu saba aliyefuatilia.

Kipimo cha mwisho cha bibi kilikuwa 140 kwa 85. Jumapili iliyopita nilimkuta amekaa barazani, kidonge kikiwa kiganjani, hajakimeza. Nikaingia ndani, nikaburuta ndoo mpaka mlangoni, nikafunua mfuniko. Akachungulia. Unga ulikuwa umejaa hadi juu.

“Haya,” akasema, “niletee maji.”