Ngazi Isiyo na Msumari

Tulipofika Salvador, mu jimbo la Bahia, Brazili, cha kwanza kilichotupokea hakikuwa picha wala sanamu. Ilikuwa harufu ya mawese. Mama mmoja wa nguo nyeupe alikuwa anakaanga maandazi ya kunde pembeni ya barabara. Mafuta yale wao wanayaita dendê, neno la Kimbundu lililovuka bahari pamoja na wenyewe. Basi tulikula kwanza, makumbusho baadaye.

Makumbusho ya sanaa ya kisasa iko chini kabisa, kwenye maji, pale Solar do Unhão. Ni majengo ya tangu karne ya 17: nyumba kubwa ya bwana, kanisa, na magudamu ambamo sukari ilipita kuelekea Ulaya. Waliofanya ile kazi, tunajua walitoka wapi. Hata nyumba walimolala watumwa inaitwa kule senzala, neno lingine la upande wa Angola. Na utumwa wenyewe ulikomeshwa mwaka wa 1888 tu.

Picha za ukutani tulizitazama. Zingine tulizipenda, zingine, kusema kweli, hatukuzielewa. Lakini kwenye ngazi tulisimama. Lina Bo Bardi, mama mjenzi mzaliwa wa Italia, ndiye aliyeitengeneza upya nyumba hii. Ngazi yake ni ya mbao, inazunguka nguzo, na mbao zimeingizana na kukazwa kwa kabari, bila msumari, sawa vile mafundi wa kijijini walivyounga mikokoteni ya ng'ombe. Mwenzetu mmoja, mtoto wa fundi wa mbao, akapiga magoti na kupapasa viungo. Sentineli alikuja kumkatalia. Alipomwona uso, akarudi kwenye kiti chake.

"Papa alijua hii kazi," mwenzetu akasema. "Alipokufa, vyombo vyake tuliuza."

Tungemjibu nini? Kila mmoja wetu ana kinu au mukeka wa bibi ambao hajui ulikwenda wapi.

Mwaka wa 1963 mama Lina aliifungua nyumba ile kwa maonyesho ya vitu vya maskini wa kaskazini-mashariki ya Brazili: vyungu, vitambaa, taa za mikebe kama zile tulizosomea usiku. Mwaka uliofuata wanajeshi wakashika utawala, kazi yake pale ikakatika.

Ngazi ilibaki. Tulipanda, tukashuka, tukapanda tena, mwenzetu akihesabu kabari polepole, kwa Kiluba.