Mtu Aliyeukimbilia Upepo

Kila upepo unapokaza na mabati ya ofisi yangu kuanza kulia, mimi hufunga madirisha nikakaa katikati ya chumba. Sioni haya kusema hivyo. Nilipokuwa chuo cha ualimu niliona upepo ukiling'oa paa la darasa na kulitupa shambani kama ungo.

Kwa hiyo nilistaajabu niliposoma habari za Tim Samaras, mtu wa Colorado huko Marekani, aliyezaliwa mwaka 1957. Yeye naye alikimbia, lakini alikimbilia kule upepo uliko.

Katika nchi tambarare za katikati ya Marekani, hewa ya joto na unyevu itokayo kusini hukutana na hewa kavu na baridi. Mawingu hupanda juu sana, huanza kuzunguka, na mara nyingine mkia wa upepo hushuka mpaka chini. Ni kisulisuli, lakini usidhani ni kile kinachochezea vumbi uwanjani. Hiki huvunja nyumba na kutupa magari.

Samaras hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Utotoni alifungua mashine za nyumbani aone vilivyomo. Ukubwani akawa mhandisi. Swali lake lilikuwa moja: ndani ya kisulisuli, karibu na ardhi, kuna nini? Rada hutazama kwa mbali, na mara nyingi huona ya juu tu. Basi akatengeneza chombo cha chuma, kifupi na kipana, mfano wa kobe, ili upepo usipate pa kukishika. Kazi yake ikawa kuitangulia njia ya kisulisuli, kukiweka chombo chini, na kuondoka upesi.

Tarehe 24 Juni 2003, karibu na kijiji cha Manchester, South Dakota, alifaulu. Kisulisuli kilipita juu ya chombo, nacho kikapima mkandamizo wa hewa ukishuka kwa milibari 100. Kijiji kilifagiliwa, kobe akabaki. Hesabu za namna hiyo humsaidia mjenzi kujua nyumba yapasa kustahimili nini.

Lakini tarehe 31 Mei 2013, huko El Reno, Oklahoma, kisulisuli kilipanuka kupita kilometa 4, kikageuza njia na kuongeza mwendo. Kiliwafikia Samaras, mwanawe Paul wa miaka 24, na mwenzao Carl Young. Wote watatu walikufa. Na Samaras alikuwa mtu aliyesifiwa kwa hadhari yake.

Kazi yangu ni kuandika majina ya waliozaliwa na ya waliofariki. Baba na mwana kwa tarehe moja ni mistari miwili mizito kuiandika. Nimejiuliza kama ilifaa, nami nimeshindwa kumhukumu.

Ila tulipoezeka upya ghala la parokia, nilimwomba fundi ayafunge mapao kwa waya mpaka ndani ya ukuta. Akacheka, akaniuliza, "Karani, nani kakufundisha ujenzi?" Nikamwambia aketi kidogo, nikamsimulia habari za kobe wa chuma. Aliposimama, alienda kutafuta waya.