Shukrani Yangu Nusura Imuue Punda

Msomaji, bila shaka umewahi kuambiwa kwamba asante ya punda ni mateke. Mimi methali hiyo niliikariri tangu shule ya msingi na kuitia katika insha zangu mara nyingi ili nipate alama. Leo nataka kukusimulia kisa ambacho mambo yalikwenda kinyume kabisa. Aliyetenda wema alikuwa punda. Aliyetoa mateke ni mimi, tena nikidhani kwamba natoa asante.

Punda mwenyewe ni jike na jina lake ni Kanta. Alipewa jina hilo na ndugu yangu mdogo kwa sababu ya yale malori ya Canter yanayobeba kabeji kutoka kwetu Limuru kuteremka nazo Nairobi. Mama alimnunua mwaka 2006, miezi michache baada ya baba kuaga dunia, na mwaka huo huo ndio nilioingia kidato cha kwanza. Kila alfajiri, kabla ya umande kukauka, Kanta alikuwa tayari barabarani akivuta mkokoteni wenye mitungi minane ya maji, kila mtungi lita 20. Maji hayo mama aliyauza kwa wapangaji na wenye mikahawa. Karo yangu ilitoka humo. Viatu vyangu vya shule vilitoka humo. Hata sanduku la chuma nililokwenda nalo bwenini lilitoka kwenye kwato za mnyama yule.

Basi nilipohitimu chuo na kupata kazi ya ofisini Nairobi, jambo la kwanza nililofanya ni kumwekea mama tangi na bomba. La pili, nikatangaza mbele ya jamaa wote kwamba kuanzia siku ile Kanta amestaafu. Watu walicheka, lakini mimi sikuwa na mzaha. Nilisema hatavuta tena hata ndoo, na kwamba atakula kama mfalme.

Naye alikula kweli. Kila Jumamosi nilishuka kwenye matatu nikiwa na mkate uliolala, karoti mfuko mzima, na nusu gunia la unga wa ng'ombe wa maziwa. Muuzaji wa duka la mifugo alinihakikishia kwamba unga ule humfanya mnyama ang'are, na kweli Kanta aling'ara. Mama aliwahi kunong'ona kwamba zamani punda huyu alikuwa akila mabua ya mahindi tu na nyasi za kando ya barabara. Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyesoma kwamba hiyo ilikuwa lishe ya umaskini.

Akanenepa. Kwenye ukosi wa shingo yake, pale manyoya yanaposimama, palivimba mkunjo wa nyama uliolala upande mmoja kama mfuko wa unga. Majirani walimsifu wakisema ametononoka, na kwetu mnyama aliyenona ni sifa ya mwenyewe. Nami nilivimba kichwa. Laiti ningalijua kwamba mkunjo ule ulikuwa mafuta yaliyokosa mahali pengine pa kukaa!

Ilikuwa Mei 2018, mwaka ule wa mvua kubwa, nyasi zimestawi hadi magotini. Asubuhi moja simu ililia nikiwa bado kitandani. "Baba," mama akasema (huniita hivyo kwa kuwa nimepewa jina la baba yake), "Kanta hataki kuinuka."

Nilipofika nilimkuta amesimama baada ya kusukumwa na vijana watatu, lakini hivyo alivyosimama sijapata kuona. Miguu ya mbele ameinyoosha mbali, mwili mzima ameuegemeza nyuma, kama mtu aliyekanyaga makaa na hana pa kukimbilia. Hatua moja tu ilimchukua dakika nzima. Hakulia wala kupiga teke, akabaki ameinamisha kichwa. Jirani mmoja alisema ni nyoka. Mwingine akajitolea kuleta sindano iliyobaki alipomtibu ng'ombe wake. Namshukuru mama ambaye alisimama mlangoni mwa zizi akasema hakuna sindano ya ng'ombe itakayoingia humo kabla ya daktari kufika.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke wa makamo mwenye buti zilizojaa matope. Hakumdunga kitu mara moja. Alipitisha kiganja juu ya kwato, moja baada ya nyingine, kisha akabonyeza vidole viwili nyuma ya kifundo, juu kidogo ya ukwato. Akanishika mkono wangu na kuuweka pale pale. Ukwato ulikuwa moto, na mshipa ulikuwa ukipiga kwa nguvu kama ngoma.

"Anakula nini?" akauliza.

Nikajibu kwa fahari. Nikataja karoti, mkate, unga na nyasi changa. Akanisikiliza hadi mwisho, akavua miwani. "Bwana, huyu hakuumwa na nyoka. Ameumwa na chakula."

Ugonjwa wenyewe unaitwa laminitisi. Ndani ya ukwato kuna tabaka za nyama laini zilizoshikana na gamba gumu la nje na kuushikilia mfupa wa mguu. Tabaka hizo zikiharibika, mfupa hulegea ndani ya ukwato, na hali ikizidi huweza kuzunguka au kuzama kuelekea wayo. Uzito wote wa mnyama humkalia hapo. Hebu fikiria kusimama mchana kutwa juu ya kucha iliyong'oka.

Lakini chakula na kwato vinahusiana vipi? Hilo ndilo nililomwuliza, pengine kwa ukali kidogo. Akaniketisha kwenye ndoo iliyopinduliwa akanieleza. Ng'ombe, alisema, ana tumbo lenye vyumba vinne na hucheua. Punda, kama farasi, ana tumbo moja dogo, na kazi kubwa ya kuvunja nyasi ngumu hufanyika nyuma, katika utumbo mpana, ambako vijidudu huchachusha makapi polepole. Mababu zake ni punda-mwitu wa nchi kavu za Pembe ya Afrika, waliotembea mbali wakitafuna majani makavu kidogo kidogo kutwa nzima. Mwili wake umeumbwa kukamua nguvu kutoka mabua. Ukimmiminia wanga na sukari kila siku huku amekaa bure, sukari hujaa mwilini na kichocheo cha insulini hupanda mno. Kupanda huko ndiko kunakoziharibu zile tabaka za ukwato. Alisema hata wale farasi vibeti wa Marekani, ambao kwa kanuni za chama kimojawapo cha wafugaji huko hawapaswi kuzidi sentimita 86 hivi, hupatwa sana na janga hili, kwa sababu kila mtoto anayepita huwapa biskuti.

Hapo mama akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Hiyo insulini, daktari, ndiyo hiyo yetu sisi wagonjwa wa sukari?"

"Ndiyo hiyo hiyo, mama."

Mama alinitazama, hakusema neno. Yeye alikuwa amegunduliwa kuwa na ugonjwa wa sukari mwaka uliotangulia, nami kila Jumamosi, sambamba na mkate wa Kanta, nilimletea keki na soda ya lita mbili.

Kwa aibu nikatoa uamuzi wa haraka. "Basi kuanzia leo hatapewa kitu. Siku tatu, nne, apungue."

Daktari alishtuka kuliko aliposikia habari za mkate. Kumbe hilo lingemuua upesi zaidi! Punda mnene akikosa chakula ghafla, mwili huanza kuyeyusha mafuta yake kwa pupa, yakafurika katika damu na kuliziba ini na figo, na wengi wanaofikia hapo hawaponi. Ndiyo maana punda aliyeacha kula, hata kwa siku moja, ni mgonjwa wa kukimbiliwa, si wa kusubiriwa hadi Jumatatu. Apunguzwe, ndiyo, lakini polepole, kwa miezi, na asikae tumbo tupu.

Basi tukaanza upya. Mama alileta utepe wake wa kushonea, daktari akampima Kanta kifuani nyuma ya miguu ya mbele na kukadiria kilo 190, ilhali alistahili 150 hivi. Akatuambia tumpe kama kilo mbili na nusu za majani makavu ya ngano kwa siku, tumgawie mara nne au tano badala ya kumtupia mara moja. Nilinunua marobota yaliyotoka Narok. Tulimtandikia maranda ya mbao yenye kina ili mfupa upate mto. Dawa ya maumivu alitoa daktari mwenyewe, akatuonya tusijipimie, kwa kuwa mwili wa punda huziondoa baadhi ya dawa hizo upesi kuliko wa farasi, na vipimo vya ng'ombe havimhusu kabisa. Kwato zilichongwa kidogo kidogo kila baada ya wiki kadhaa.

Wiki ya tatu alikuja dalali mmoja akitabasamu. Wakati huo vichinjio vya punda vilikuwa vimefunguliwa nchini tangu 2016, na ngozi zilisafirishwa Uchina zikachemshwe kutengeneza dawa ya kienyeji. Punda waliibwa usiku katika vijiji vingi. Dalali alitaja bei ambayo ingelipa gharama zote za daktari na baki ikabaki. Kuchechemea si neno, alisema, anachotaka ni ngozi. Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba nilianza kupiga hesabu kichwani. Mama alikuwa akiosha sufuria. "Mwambie huyo bwana," akasema bila kugeuka, "kwamba huyu alikusomesha." Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mambo yakafika mahakamani, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakaafikiana kuikomesha biashara ya ngozi za punda barani. Lakini siku ile kizuizi kilikuwa ni mama na sufuria yake.

Daktari alikuja mara nyingi, na kila alipokunywa chai tulijifunza jambo. Chakula cha kuku, kwa mfano, nilikuwa nimewahi kufikiria kumwonjesha. Baadhi yake hutiwa monensini, dawa ya kuwakinga kuku na koksidia, na kiasi kidogo tu cha dawa hiyo huua moyo wa punda au farasi. Mahindi yaliyoota ukungu, yale tunayosema "mpe punda, yeye hana neno", huweza kuwa na sumu inayoozesha ubongo wake. Dawa ya kupe yenye amitrazi, ambayo wengi huwaogeshea ng'ombe, haimfai, kwani huweza kuusimamisha utumbo. Nasi tulikuwa tumemwogesha nayo mara ngapi! Punda hawezi kutapika, kwa hiyo alichokimeza kimekwenda. Ninyi wa mjini mnaotupa mifuko ya taka yenye maganda ya ndizi, mkumbuke kwamba punda hula ganda pamoja na mfuko wake.

Akatufundisha kutazama meno pia. Meno ya punda huendelea kuchomoza sehemu kubwa ya maisha yake, na kingo zake huchongoka zikamkata shavu na ulimi. Ukiona anadondosha vibonge vya nyasi zilizotafunwa nusu, mwite daktari aje na tupa. Akamchanja dhidi ya pepopunda, ugonjwa uliobeba jina lake, maana vijidudu vyake hukaa katika udongo na samadi na huingilia hata kidonda cha msumari. Nilimwuliza kama watu wengine hutunza punda kwa bidii hivi. Akanitajia Lamu, ambako shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary lilifungua zahanati ya punda mwaka 1987. Niliona haya. Mji ule mkongwe una vichochoro visivyopitisha gari, na ulikuwa umeelewa zamani kile ambacho mimi nilihitaji shahada na janga ili nikielewe.

Kubwa zaidi alilotuachia ni kwamba punda hasemi. Farasi akiumwa hugaagaa na kutoka jasho, punda husimama tu ameduwaa. Tangu siku hiyo mama ana daftari. Anajua kwamba Kanta akitulia moyo hupiga kama mara 44 kwa dakika, na kwamba joto lake ni karibu nyuzi 37. Akimwona amesimama pembeni masikio yamelegea, hangoji.

Ilichukua miezi minne kabla Kanta hajatembea bila kusita, na hadi leo huchechemea kwenye changarawe. Amepita miaka 20 sasa. Ule mkunjo wa shingoni ulipungua lakini haukwisha, nami kila nikiuona nakumbuka mkate. Kwa idhini ya daktari, alirudishiwa kazi nyepesi: kila asubuhi hutembea na mama hadi kwenye kisima cha zamani na kurudi, mitungi miwili mitupu ikigongana mgongoni. Mama anasema daktari wake wa sukari naye alimwagiza atembee, na peke yake angechoka njiani.

Jumamosi iliyopita nilifika na robota la majani ya ngano begani, na mboga za mama mkononi. Kanta aliponusa viganja vyangu na kukuta havina kitu, aligeuza kichwa akaniacha nimesimama. Mama akacheka hadi akashika ubavu. "Hata mimi," akasema, "soda bado naikumbuka."