Moyo, Miguu na Mikono

Kuna watu wanaokimbia vizuri sana lakini hawawezi kuinua mfuko wa unga. Kuna na wengine wanaobeba mfuko wa simenti kama mto wa kulalia, lakini wakipanda kilima kimoja tu wanatweta na kushika kiuno. Nani kati yao ana afya? Nasema: kila mmoja ana nusu. Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya kuunganisha nusu hizo mbili.

Mimi ni mwalimu hapa Bukavu, na umri wangu ni miaka 54. Asubuhi nasimama na chaki, jioni nakaa na madaftari. Miaka mitatu iliyopita mganga alipima tansioni yangu, akakuta 15 kwa 9. Akaniambia: "Mwalimu, punguza chumvi, tena utembeze huo mwili." Basi nikaanza kutembea upesi alfajiri, kisha kukimbia polepole. Mji wetu ni mji wa vilima, karibu meta 1,500 juu ya bahari. Hapa hakuna anayekimbia bila kupanda. Watoto wa njiani walinicheka: "Papa, nani anakufukuza?" Nikawajibu: "Tansioni!" Wakacheka zaidi, tena wengine wakanifuata mbio mpaka chini. Baada ya miezi kadhaa tansioni ilishuka, na mganga akafurahi.

Kwa nini mbio zinasaidia? Moyo ni msuli unaosukuma damu. Ukikimbia, miguu inaomba hewa na chakula, na moyo unapiga upesi ili kuipelekea. Ukiuzoeza hivyo kila juma, kila pigo moja linasukuma damu nyingi kuliko zamani. Kwa hiyo unapopumzika moyo hauna haja ya kupiga mara nyingi. Huko London mganga Jerry Morris aliwachunguza watu wa mabasi ya ghorofa mbili, akatangaza habari zao mwaka 1953. Madereva walikaa kutwa. Wakusanya tiketi walipanda na kushuka ngazi kutwa. Kumbe, wakusanya tiketi walipata ugonjwa wa moyo mara chache kuliko madereva! Basi lilikuwa lile lile, na mji ule ule; lakini hawa walikaa, na wale walipanda ngazi.

Nusu ya kwanza ndiyo hiyo. Nusu ya pili niliiona kwa baba yangu mzee.

Baba alikuwa mtembezi. Maisha yake yote alikwenda shambani kwa miguu. Alipopita miaka 80 aliugua, akalala kitandani karibu mwezi mzima. Homa ilipokwisha mganga alisikiliza moyo wake, akasema: "Moyo huu ni mzima." Lakini baba hakuweza tena kuinuka kitini pasipo kushika meza. Usiku mmoja alitoka kwenda chooni, goti likalegea, akaanguka na kuvunja mfupa wa nyonga. Hakutembea tena mpaka alipotuacha. Moyo wake ulikuwa na nguvu bado. Mapaja ndiyo yaliyokwisha.

Mganga alitueleza sababu. Mtu akiisha kuwa mzima, misuli yake huanza kupungua kidogo kidogo mwaka kwa mwaka, na upesi zaidi akipita miaka 60. Kitanda cha ugonjwa huzidi kuipunguza. Kutembea ni kwema sana, lakini hakutoshi kuizuia. Msuli hubaki na nguvu ukipewa mzigo wa kushindana nao. Wazee wetu walisema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nami naongeza: akiisha kuinama, sharti aweze kuinuka.

Labda mtu ataniambia: "Mwalimu, mkimbiaji akiinua vizito atakuwa mzito, hatakimbia tena." Neno hili lilisemwa zamani hata na mabingwa. Lakini sikilizeni habari ya Percy Cerutty wa Australia. Mwaka 1939, akiwa amepita miaka 40, aliugua vibaya sana. Alirudisha afya yake kwa kutembea, kukimbia na kuinua vyuma, kisha akawa mwalimu wa wakimbiaji. Huko Portsea, kando ya bahari, aliwakimbiza vijana wake juu ya vilima vya mchanga, tena akawainuisha vyuma. Kijana mmoja wao, Herb Elliott, alishinda meta 1,500 katika michezo ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960, kwa dakika 3 na sekunde 35.6. Hakuna mtu ulimwenguni aliyekuwa amekimbia hivyo kabla yake. Je, vyuma vilimfanya mzito?

Lakini angalieni, kuna kipimo. Mwaka 1980 mtaalamu wa Marekani, Robert Hickson, alitangaza jaribio la majuma 10. Kundi moja liliinua vyuma tu, siku 5 kila juma. Kundi lingine lilifanya mazoezi ya mbio na baiskeli tu, siku 6. Kundi la tatu lilifanya yote mawili, bila kupunguza kitu. Walioinua tu walizidi kupata nguvu mpaka mwisho. Wale wa yote mawili waliendelea vizuri mpaka karibu juma la 7. Kisha nguvu zao zikasimama, hata zikaanza kupungua. Pumzi yao haikudhurika, lakini misuli ilichoka. Maana msuli hauongezeki wakati wa kazi. Unaongezeka wakati wa kupumzika na kula. Sisi watu wa kawaida tukifanya yote mawili kwa kiasi, tunapata faida zote mbili.

Basi, haya ndiyo majuma yangu. Siku ya kwanza na siku ya ine ni za nguvu, kama dakika 25. Nakaa kitini na kuinuka mara 10, napumzika, narudia mpaka mara 3. Nalala kifudifudi na kujisukuma juu kwa mikono. Anayeanza ajisukume ukutani kwanza. Kisha nachukua bidoni mbili za maji, za litre 10 kila moja, na kutembea nazo uani, mgongo wima. Siku ya pili na ya tano nakimbia polepole dakika 30, kwa mwendo wa kuweza kuzungumza na mwenzangu. Siku ya posho napanda kilima kwa nguvu dakika 2, nashuka nikitembea, mara 6. Siku ya tatu na siku ya Mungu napumzika. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2020 kwamba mtu mzima afanye kazi ya moyo dakika 150 mpaka 300 kila juma, au 75 mpaka 150 ikiwa ni ya nguvu, pamoja na mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi. Mnaona, hapo hapatakiwi feza nyingi.

Mwenye tansioni asizuie pumzi anapoinua kitu. Atoe hewa polepole. Anayesikia maumivu kifuani aache mara moja, aende kwa mganga.

Sisemi na yule mama anayepanda kutoka bandarini na mfuko mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Yeye hakosi mazoezi, anakosa kupumzika. Akina baba, tukiisha kupata nguvu, bidoni za nyumbani zituhusu sisi kwanza.

Kesho asubuhi jaribuni jambo moja: kaeni kitini, mikono kifuani, mkainuke mara 10 bila kushika meza. Mkiona ni vigumu, anzeni hapo.