Mtunza Funguo za Kompyuta

Kazi yangu ni kutunza kompyuta katika hospitali moja ya nyanda za juu za Mbulu. Mimi si mganga wala si muuguzi. Sijapata kumchoma mtu sindano, wala sijui kufunga kidonda. Lakini mganga atakapo kujua mgonjwa wake alipewa dawa gani mwezi uliopita, hutazama maandishi ninayoyalinda mimi. Yakipotea, huwa kama mtu aingiaye nyumba ngeni usiku bila taa. Basi nataka kuwaelezeni, ninyi mlio shuleni, kazi hii ni ya namna gani, maana huenda wengine wenu mtaifanya siku moja.

Hospitalini mna kompyuta nyingi, lakini iko moja izitumikiayo zote, nayo huitwa seva. Hukaa katika chumba kidogo kifungwacho kwa ufunguo. Humo kila mgonjwa ana namba yake. Namba ni lazima, kwa kuwa huku kwetu hukutana watu wa lugha zisizofanana hata kidogo: Wairaqw, Wadatoga, Wanyisanzu na Wahadzabe. Jina moja laweza kuandikwa na makarani watatu kwa namna tatu, lakini namba haibadiliki.

Vyombo vyangu vya mkono ni vichache: bisibisi, brashi laini ya kufutia vumbi, koleo ya kubania ncha za nyaya, tochi, na daftari. Katika hivyo vyote daftari ndiyo kubwa. Kila nibadilishapo kitu naandika siku, saa, na sababu, ili nikiugua mwenzangu aweze kuendelea pale nilipoishia.

Viko na vyombo visivyoshikika. Seva yetu huendeshwa na programu iitwayo Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, Ufini. Programu hiyo hutolewa bure. Tena iko amri ndogo iitwayo ping, iliyotungwa mwaka 1983 na Mmarekani Mike Muuss. Kompyuta yangu huita nyingine, kama mchungaji amwitavyo mwenzake ng'ambo ya bonde, kisha husikiliza. Ikijibiwa, najua njia ni nzima. Isipojibiwa, nafuata waya hatua kwa hatua, mpaka nione mahali palipokatwa, na mara nyingi aliyekata ni panya.

Adui wengine wa kazi hii ni vumbi la kiangazi, radi ya masika, na umeme ukatikao ghafula. Vumbi hufutwa. Radi hupelekwa ardhini kwa waya mnene. Umeme ukatikapo, betri huishikilia seva mpaka jenereta iwake. Na jenereta isipowaka, seva yenyewe hujizima polepole, bila kuharibu maandishi yake.

Kuna na matata yatokayo mbali. Tangu mwaka 2009 mtandao wa Tanzania hupita katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, SEACOM na EASSy, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na mtandao ukalegea nchi nzima. Barua hazikwenda, lakini wagonjwa wetu waliandikwa kama kawaida. Kwa nini? Kwa sababu seva yetu i hapa hapa, na nyaya za kutoka kwake mpaka wodini hazihitaji msaada wa bahari. Chakula kilicho ghalani mwako hakizuiwi na njia iliyofungwa.

Lakini ghala nayo yaweza kubomoka. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa iliporomosha tope na mawe kutoka Mlima Hanang, yakaingia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Tuliwalilia. Hata baada ya kuwalilia, nilitazama sanduku la nakala zetu, nikaona kwamba nakala ikaayo nyumba moja na asili yake, siku ya msiba hufa pamoja nayo. Tangu hapo nakala moja hulala mji mwingine, imefungwa kwa maneno ya siri. Na kila mwezi naifungua nijaribu kuisoma, maana nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu.

Sasa nitawaambieni jambo lililo gumu kuliko radi. Mtunza seva ana funguo zote, na kila mtu ajua kwamba anazo. Siku moja mzee wa ukoo wetu, ambaye ni baba yangu mdogo, alikuja nyumbani kwangu jioni. Nilimwamkia, nikampa kiti na chai. Akasema, "Mwanangu, kijana wangu ataka kuoa binti wa jirani. Nasikia binti huyo alilazwa kwenu. Nitazamie ugonjwa wake tu, sitamwambia mtu."

Nikamjibu, "Baba, mtu akikukabidhi ng'ombe wake uwachunge, je, waweza kumchinjia nduguyo mmoja wao, kwa sababu tu fimbo i mkononi mwako?"

Akasema, "Mimi naomba neno, siombi ng'ombe."

Nikasema, "Ng'ombe hurudishwa, baba. Neno likitoka halirudi."

Akaondoka bila kuimaliza chai yake, na kwa miezi mingi hakukanyaga tena nyumbani kwangu. Iliniuma sana, maana ndiye aliyenilipia ada ya shule. Lakini yule binti alipomweleza mganga maumivu yake, hakuwa akinieleza mimi, wala ukoo wangu.

Sheria nayo yasema hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, huzihesabu habari za afya miongoni mwa habari nyeti. Tena seva yetu ina kitabu chake yenyewe: kila afunguaye habari za mgonjwa, huandikwa jina lake na saa yake. Mganga huandikwa, karani huandikwa, na mimi mwenye funguo zote naandikwa pia. Kila mwisho wa mwezi mganga mkuu hukisoma kitabu hicho. Mimi ndimi niliyemwomba akisome.